Eda Yangu na Kaloli

Siku tuliyomzika mume wangu sikulia. Nalisema mapema ili msinitarajie makubwa. Wanawake wenzangu wa Kibuli walijaa sebuleni, wengine na leso mbili mbili tayari kwa machozi yangu, na mimi nilikuwa jikoni nagombana na mpishi juu ya chumvi ya pilau. Nikamsikia mmoja akinong'ona kwamba nina moyo wa jiwe. Nilipopakua nikamwongezea nyama, maana niliona hajakosea.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na swali lililonikaa kooni likazuia mengine yote: yule mwanaume alinipenda, au alinizoea tu? Tuliishi pamoja miaka thelathini. Alikuwa askari polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, mchache wa maneno. Mimi maneno ninayo ya kugawa mtaa mzima. Nilikuwa nasema kuanzia chai mpaka chakula cha usiku, naye anaitikia "mmh". Nilipokuwa na bahati, nilipata "mmh" mbili.

Lakini kila asubuhi, akishamaliza chai, alichukua kikopo cha mabaki ya bucha, akatoka uani na kufunga mlango. Huko alizungumza robo saa nzima. Na nani? Na kaloli, yule korongo mkubwa wa majalala ya Kampala, mwenye upara, mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, na harufu ya kukutoa machozi. Mume wangu alimwita Afande, kwa sababu alisimama kama mkuu wa kituo, mabega juu, akingoja wengine wafanye kazi. Nami nikawa nafungua redio kwa sauti kubwa ili nisisikie mume wangu akimpa ndege maneno aliyoninyima mimi. Ndiyo, nilimwonea wivu kaloli. Mke mwenza angekuwa afadhali, angalau angeoga.

Basi, mzee akafa. Moyo ulimsimama, wakampeleka hospitali ya Mulago, na kabla ya adhuhuri akarudi kwangu amefunikwa shuka. Baada ya siku chache waombolezaji wakatawanyika, binti yetu akarudi kazini Gulu, nami nikabaki na eda yangu: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila mapambo, bila kutoka ovyo. Nilijisifu kwamba nitaimudu. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshagombana na jiko, na feni, na picha ya mama mkwe ukutani.

Aliyeendelea kuja alikuwa kaloli peke yake. Kila asubuhi, saa ile ile, alitua juu ya ukuta wa uani na kuutazama mlango. Nilimfukuza kwa ufagio. Akarudi. Nikamfukuza kwa ndoo ya maji. Akajikung'uta, akarudi. Siku moja nikachoka, nikamfokea, "Amekufa! Hukuambiwa?" Na papo hapo nikaona aibu, kwa kuwa kweli hakuna aliyemwambia. Tulipiga simu hadi kwa ndugu zake Arua, tukamsahau rafiki yake wa karibu aliyekuwa juu ya ukuta wetu.

Kesho yake nikampa kichwa cha samaki. Keshokutwa viwili. Jirani yangu, mama mmoja Mkongomani anayeuza sombe, yale majani ya muhogo, alikuwa akienda sokoni Kalerwe kila alfajiri, basi nikamwagiza aniletee vichwa vya samaki pamoja na nyanya zangu. Hakuuliza ni vya nini. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ila hawakututahadharisha kwamba anaweza kuwa na upara na kunuka jalala.

Kisha dhamiri ikanisumbua. Mume wangu alimwita Afande, na katika miaka yake yote ya kazi maafande wake walikuwa wanaume. Je, mjane aliye edani anaruhusiwa kukaa peke yake na dume, hata kama dume lenyewe lina mbawa? Msinicheke. Niliacha kumlisha siku mbili nzima, nikawa nachungulia dirishani nimejitanda ushungi mpaka puani. Mwishowe nikampigia simu mwalimu wetu wa darasa la wanawake msikitini. Nikasikia simu imewekwa chini na mtu anacheka kwa mbali.

Aliporudi alisema, "Mama, swali hili vitabuni sijalikuta. Ila kama hajakuposa, mlishe tu."

Basi nikarudi kumlisha, bila ushungi wa puani. Lakini sikumsemesha. Nilirusha samaki kimya kimya, na hapo ndipo siku moja jirani yangu akainua kichwa upande wa pili wa ukuta, sombe mkononi.

"Mama, unamupa chakula tu? Na ripoti?"

"Ripoti gani, dada?"

"Ile ya mzee. Kila asubui alikuwa anasimama sawa askari, anamupigia ndege saluti, anasema ripoti ya usiku."

Nikamwambia anisomee hiyo ripoti. Akaweka sombe chini, akasimama wima, akaiga sauti nzito ya mume wangu na Kiswahili chake cha kambini:

"Afande, usiku napita salama. Bibi yangu nalala muzuri. Nakohoa mara mbili tu. Asubuhi naamka na kelele kama kawaida, kwa hivyo iko muzima."

"Alisema hivyo siku ngapi?"

"Siku zote, mama. Siye tulifikiri unajua. Mtaa muzima tunajua."

Mimi, mtu wa maneno, nikaitikia "mmh".

"Kuna siku moja tu hakupiga saluti," akaendelea. "Ule mwaka ulipolazwa na malaria. Alikaa hapa chini, kikopo mukononi, akasema, 'Afande, leo kwa nyumba hakuna kelele. Mimi naogopa.'"

Nikakaa chini pale pale, kwenye simenti yenye magamba ya samaki, nikalia. Sikulia kistaarabu kama mjane wa Kibuli anavyopaswa. Nililia kwa makelele, kwa sauti niliyoitumia miaka thelathini kumgombeza, hata wanawake wa mtaa wakaja mbio, mmoja akiwa bado na povu la sabuni mikononi, wakiuliza nani amekufa.

Nikawaambia, "Mume wangu."