Sifa za Nassoro

Harufu ya udi ilinipokea mtaani kwetu, Ndia Kuu, kabla sijafika mlangoni, na kila Alhamisi alasiri nilijua mama yuko chumbani mwa kaka yangu Nassoro, akifukiza shati zake. Kaka alikufa maji kabla sijazaliwa, lakini nyumba ilijaa yeye: alivyosoma Kurani kwa sauti tamu, alivyoamkia wazee, alivyokula bila kudondosha punje. Mimi nikileta matokeo mazuri, mama alisema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," kisha akanipa mchele niuchambue. Marehemu hakuwa na tembo la kuharibu.

Nilipokuwa darasa la saba katika shule ya Tononoka, Mwalimu Achieng, mwanamke wa bara, alitufundisha kitenzi cha Kiingereza, extol. "Si kusifu tu," alisema. "Ni kumsifu mtu mpaka umpandishe juu ya wote. Msikitumie kwa mtu aliyefagia vizuri." Akataka kila mmoja atunge sentensi. Nikaandika kwamba mama yangu humsifu hivyo kaka yangu. Sikuandika kwamba amekufa, kitenzi hakikuuliza.

Siku ya wazazi mwalimu alimshika mama mkono. "Mama Nassoro, huyo kijana wako mwema nitamwona lini?" Nilingoja mama aseme kweli. Akatabasamu. "Inshallah, mwalimu. Leo yuko nyumbani, anapumzika."

"Na huyu binti? Kwa Kiingereza hapa darasani hana mfano."

Mama alinitazama kama anayeonyeshwa mgeni. "Huyu? Huyu hajambo."

Tulirudi kwa miguu. Mlangoni niliogopa kuingia, maana nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ndani kweli kuna mtu anapumzika.

Sasa naishi Nairobi, na mama amezeeka. Jirani yetu Bi Rukia huniambia kwa simu, "Siku hizi mamako hanyamazi. Ni jina lako tu, Mwanaisha, mchana kutwa." Mwezi uliopita nikaenda kumwona. Nilimkuta akimsimulia Bi Rukia habari zangu, uso umemng'aa. Nikambusu mkono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, na uso ukazimika. Tulikaa mpaka magharibi bila neno la maana. Nilipoaga na kushuka ngazi, sauti yake ikaanza tena juu yangu, changamfu: "Mwanangu Mwanaisha alikuwa na adabu, Bi Rukia! Alikuwa na akili, huyo!"

Utotoni nilizililia sifa hizo. Nikazisikiliza zote, nimeshika ukuta, nikiogopa kukohoa.