Mavuno Matatu

Mwaka mmoja na nusu, au miaka mitatu? Swali hilo lilininyima usingizi tangu Alhamisi hadi Jumatatu, katika mwezi wangu wa pili kazini kwenye zahanati moja ya Same. Nilikuwa nimetoka chuo cha waganga wasaidizi na cheti kipya na hofu ya kila kitu. Nikifunga mlango, nilirudi kuutikisa. Nikiandika namba, niliisoma mara nne. Na bado nilikosea.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupima watoto. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya baraza, chini yake mfuko wa turubai ambao mtoto aliingizwa, miguu ikitokeza. Nilisoma ratili, nikapima urefu kwa utepe, kisha nikatazama kwenye chati kama mwili unalingana na umri. Aliyepungua sana alipewa maziwa ya unga na kuitwa tena baada ya wiki mbili. Aliyelingana aliambiwa aende zake.

Shida ilikuwa umri. Akina mama wachache tu walikuwa na tarehe. Wengine walihesabu mavuno. Sikuona tatizo, kwa kuwa hata mama yangu kule milimani alihesabu hivyo hivyo. Kwetu juu tunavuna mara mbili kwa mwaka, maharage ya vuli na mahindi ya masika. Kwa hiyo mama mmoja kijana, aliyesema Kipare cha kwetu kabisa, aliponiambia, "Tangu nimzae tumevuna mara tatu," niligawanya kwa mbili. Mwaka mmoja na nusu. Nikatazama chati: uzito sawa, urefu sawa. Nikaandika "mzima" kwenye daftari.

Mwanawe, akiwa bado ananing'inia, alinikazia macho. "Mama, mwambie huyu aniache, mikono yake ya baridi."

Baraza zima likaangua kicheko. "Oa, baba, mikono ipate moto!" mama mmoja akanipigia kelele. Hata mimi nilicheka. Yule mama kijana akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka mbio kuliwahi lori la kwenda Bendera.

Usiku nilipojilaza ndipo kicheko kiliponiisha. Mtoto wa mwaka na nusu hasemi hivyo. Labda ana ulimi mwepesi, nikajijibu. Binamu yangu naye alianza kusema mapema. Lakini magego? Alipofumbua kinywa niliyaona mpaka ya nyuma. Halafu lile lori. Bendera ni tambarare. Mama yule alizaliwa mlimani, lakini kama ameolewa huko chini, basi anavuna mara moja kwa mwaka, na mwaka wa ukame huenda asivune kabisa. Mtoto wa miaka mitatu mwenye mwili wa mwaka na nusu amedumaa, naye nilikuwa nimemrudisha nyumbani mikono mitupu.

Jumatatu nilimwendea msaidizi wa tiba mzee aliyetusimamia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umesahau kufunga nini?"

Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Kijana, wewe ulikwenda chuoni kusomea woga. Ngoja, mama atarudi mwenyewe."

"Hatarudi, mzee. Nimemwambia mtoto ni mzima. Arudi kufanya nini?"

Akavaa miwani tena. "Daftari linakwenda kwa Bwana Mganga wa Wilaya Ijumaa," akasema. "Ukikata maandishi humo atataka kujua sababu, na wewe hujathibitishwa kazini. Fikiri."

Kufikiri ndiko nilikokuwa nakufanya tangu Alhamisi. Nilifikiri siku nzima tena. Je, nikifika na kukuta kweli ni wa mwaka na nusu, watu watanicheka? Je, nikifika nimechelewa? Swali la pili lilinitoa jasho kuliko la kwanza. Jumanne asubuhi niliomba ruhusa, nikachukua makopo mawili ya maziwa na daftari, nikapanda lori la shamba la mkonge kwenda Bendera.

Nyumba nilioneshwa upesi. Mama mkwe wa yule mama kijana alikuwa uani akipepeta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna, bibi. Nimekuja kuuliza umri wa mjukuu wako."

"Umetoka Same kuja kuuliza hilo?" Akacheka mpaka ungo ukamwaga punje. Lakini alikwenda kwa jirani, ambaye mtoto wake alizaliwa wiki moja na mjukuu wake, akarudi na cheti cha ubatizo. Nilikisoma mara nne. Miaka mitatu na mwezi mmoja.

Mama kijana alitoka ndani, mtoto kiunoni. "Si ulisema ni mzima?"

"Nilikosea, dada. Nilihesabu mavuno ya milimani. Anakula nini?"

"Uji wa mahindi. Na ugali tukipata." Akanitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu. "Nilidhani ni mfupi kama baba yake."

Nilimkabidhi makopo ya maziwa, nikaketi kwenye kinu kilicholazwa, nikafungua daftari magotini. Nilikata neno nililoliandika, nikaandika juu yake umri wa kweli na neno "amedumaa", na pembeni, "kosa ni langu," nikatia sahihi. Kisha nikamwambia mama akusanye nguo za mtoto akaanze matibabu zahanatini, kwa kuwa lori lingerudi Same saa tisa nasi tungepanda wote watatu.