Ulimi wa Pongo

Liberatus Kalinga alikuwa mtu wa maneno machache, na kadiri miaka ilivyosogea ndivyo yalivyozidi kupungua. Miaka thelathini na moja alikaa katika chumba kimoja cha maabara ya mifugo mjini Iringa, kazi yake kukata ndimi. Za ng'ombe, mbuzi na kondoo alizifuata machinjioni alfajiri, akaziloweka kwenye dawa, akazigandisha ndani ya nta, kisha akazikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara. Kipande kikishabandikwa kwenye kioo na kutiwa rangi, aliinamia hadubini, na hapo ngozi ya ulimi iligeuka nchi nzima: miiba imeinamia kooni yote kwa pamoja, kama mpunga uliolazwa na upepo, katikati yake vinundu kama uyoga, na kule nyuma vinundu vikubwa, kila kimoja na handaki lake. Nchi hiyo aliijua kuliko mtaa wa Kihesa alikoishi. Kihesa, tangu mkewe Matilda afariki, watu walimsalimu wakapita.

Ijumaa angestaafu. Lilibaki jambo moja tu. Daktari Jinal, mkuu wa maabara, alikuwa akiandaa kitabu cha wanafunzi juu ya ndimi za wanyama wanaocheua, wafugwao na wa porini, na chini ya kila picha lingekuwapo jina la Kalinga. Wafugwao walikwishatimia. Wa porini, hakuna hata mmoja. Mnyama wa porini hauawi kwa ajili ya ulimi. Unangoja ajali, halafu unangoja kibali. Kalinga alikuwa amengoja miezi minane.

Jumatatu Ezekia, askari wa wanyamapori, akapiga simu. Pongo amegongwa na lori karibu na Igawa, ulimi mzima, kibali kipo. Angeuacha kwa Sabina, mama ntilie wa stendi ya hapo Igawa, ulale kwenye barafu hadi basi la asubuhi. Kwa Sabina ndiko Kalinga alikokula kila alipokwenda Mbeya, mwaka wa sita huo. Akampigia.

"Kuna mzigo wangu unakuja hapo. Ulimi. Nitunzie."

"Kamwene, baba! Salamu umeziacha Iringa?"

"Kamwene. Nitunzie tu." Akakata.

Jumanne boksi likafika. Akalifungua kwa mikono miwili. Ulimi ulikuwa mweupe, laini kama sabuni, unanukia tangawizi. Ulikuwa umechemshwa na kukwanguliwa gome lote, kama afanyavyo kila mpishi kabla ya kuupika. Miiba na uyoga wake vilikuwa vimemwagwa na maji machafu huko Igawa. Hata hivyo alikata kipande kule nyuma, kwenye mahandaki, akakipitisha hatua zote. Alhamisi akainamia hadubini. Nyama iliyoiva, basi.

"Mzee, nani ameuharibu?" aliuliza Daktari Jinal mlangoni.

"Mimi. Sikumweleza aliyeutunza."

Daktari akaja, akainamia hadubini. "Basi kitabu kitatoka na wafugwao peke yao. Pole, mzee." Akaondoka taratibu.

Kalinga akampigia Sabina, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Hakuwahi kuyatoa.

"Umeshaula? Nimekwangua kwa mkono wangu, ukawa mweupe pee! Nikasema, mzee wa watu anakaa peke yake, hata kisu chake butu. Ahsante hutoi, basi tuambie unaoa lini!" Nyuma yake wanawake wakaangua kicheko.

"Nani amekwambia nakaa peke yangu?"

"Aa, baba! Mwenye mtu nyumbani hali ugali akiutazama ukuta. Na kazi yako ni ipi kwani? Hawa wanasema una bucha."

Miaka sita ya kula mezani kwake, na hajamwambia hata hilo. Kalinga akavuta kiti, asikikalie.

"Sabina, una nafasi? Ulimi una miiba. Midogo sana, haionekani vizuri kwa macho. Ile uliyoikwangua ndiyo niliyokuwa naitafuta."

"Miiba?" Sauti yake ikashuka. "Mungu wangu, baba, nimekuharibia? Ngoja, basi limeingia. Usikate! Nataka kusikia."

Hakukata. Alisimama dirishani, simu sikioni, akiwasikiliza wauza mahindi wa Igawa wakigombea madirisha ya basi.