Vyumba Vitupu vya Kitabu cha Jazi

Mjomba wangu ni fundi wa makochi, na zamani nilidhani si mtu wa maneno, kumbe ni misumari. Ile midogo anaibana shavuni, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, na nyundo inaipokea. Mteja akija kuuliza kochi lake litakuwa tayari lini, anajibiwa "mhm", naye anaondoka akidhani ameshapewa siku.

Mkewe, ambaye mimi namwita anti, husema ameolewa mitala bila kuulizwa. "Mke mwenzangu ana nyuzi sita na kiuno kizuri kuliko changu," anasema, akilionyesha gitaa. "Na anabebwa. Mimi nani ananibeba?"

Nililetwa kwao nilipoacha shule darasa la tano. Kazi yangu ni kukata vitambaa na kushona foronya za mito. Karakana ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Mbele yamejaa mafremu ya makochi yaliyovuliwa nguo, nyuma kuna sponji zilizopangwa hadi juu, na kati ya sponji na ukuta imebaki nafasi ya viti vitatu. Hapo ndipo wanapojifunzia jazi, jioni, kazi ikishafungwa.

Wako watatu, kila mmoja na gitaa lake. Mjomba ndiye mwenye nyumba. Wa pili ni Kinyozi wa kibanda cha jirani, mtu mwembamba mwenye kipara. Ukimtania kuhusu kichwa chake anakujibu kwamba kinyozi hajinyoi, yeye kanyolewa na Mungu. Wa tatu ni mzee tunayemwita Karani kwa sababu alistaafu ofisini, na mpaka leo hafungui ukurasa bila kwanza kufuta mikono kwenye suruali. Kitabu wanachojifunzia ni cha Kizungu, na anayekisoma ni yeye.

Kitabu chenyewe kilitoka tumboni mwa kochi. Ukichana kochi la zamani unakuta mengi: vitana, vifungo, meno ya bandia siku moja. Mjomba humrudishia mwenyewe kila kitu, hata kalamu isiyoandika. Lakini mwenye kochi lile alipoonyeshwa kitabu alisema hajawahi kukiona, labda kilikuja na kochi. Kilikuwa kimekunjamana chini ya springi, jalada lina picha ya mtu ameinamia gitaa, na kurasa zote za mwanzo zimekatika. Karani alisoma jalada, akasoma tena, akasema, "Hiki ni cha kujifunza kubuni. Jazi ya gitaa. Unabuni palepale unapopiga."

Mjomba akatema misumari mkononi. Sijawahi kumwona akiitema kwa ajili ya mtu, isipokuwa labda mteja mkubwa wa hoteli.

Hapo lazima nieleze. Ujanani mjomba aliwahi kupiga katika bendi ndogo ya dansi. Alisimama nyuma, karibu na ngoma, akipiga ridhimu, noti zile zile wimbo mzima. Wengine walikuwa wakisogea mbele kwa zamu, gitaa linasema, watu wanageuza shingo. Lakini yeye, kiongozi wa bendi alimwambia, "Wewe tuliza tu." Akatuliza miaka mingi, bendi ikafa, akaingia kwenye makochi. Anti aliniambia kwamba hicho ndicho kitu pekee mumewe aliwahi kukitaka kwa sauti: asogee mbele mara moja, aachiwe nafasi, gitaa liseme lake. Nyumba hakuitaka hivyo, wala watoto, alisema anti, na hakuwa anacheka.

Basi wakaanza. Muziki wa kitabu kile umechorwa kwa mistari sita, kila mstari uzi mmoja wa gitaa, na namba zinakuonyesha pa kubonyeza. Mistari imegawanywa vipande vipande kama vyumba vya nyumba ndefu. Wao waliviita vyumba. Kila somo vyumba vinne vina namba, na vinne vinavyofuata ni vitupu kabisa, kisha vinne vina namba tena.

Jioni ya kwanza walifika kwenye vitupu wakatazamana.

"Hapa hamna kitu," alisema Kinyozi.

"Hamna kitu maana yake hamna kupiga," Karani akasema. "Kitabu kimenyamaza, na sisi tunanyamaza. Lakini tunahesabu. Ndiyo maana wameacha vyumba, ili tujue kimya ni cha urefu gani."

"Kimya chote hicho?"

"Jazi si vurugu. Ni mapumziko."

Mjomba akakubali, kwa kuwa mtu wa ridhimu anaheshimu hesabu. Wakawa wanapiga vyumba vinne, halafu wote watatu wanakaa kimya, vichwa vikienda mbele na nyuma, midomo inahesabu, halafu wanaingia tena kwa pamoja kama mlango unaofungwa. Kuingia kwao kulikuwa kuzuri. Mimi nikishona kwenye cherehani nilikuwa nasimamisha mguu nisiwaharibie kimya.

Mara moja moja Kinyozi alikuwa anachokoza uzi katikati ya vyumba vitupu. Karani anamkata jicho. "Wewe unabuni nini hapo?"

"Si kitabu cha kubuni?"

"Subiri tufike kwenye kubuni."

Wakafuata masomo yote hivyo, mpaka wakayajua bila kufungua kitabu. Kinyozi akawa anatania, "Haya jamani, tubuni ile ya jana." Wanabuni ile ya jana, namba kwa namba.

Katikati ya hayo mkono wa mjomba wa kushoto ukaanza kumtoroka. Ni mkono unaovuta kitambaa kikaze wakati wa kulia unapiga msumari, na ndio unaobonyeza nyuzi. Kidole kidogo kilitangulia kufa ganzi, kikafuatiwa na jirani yake. Daktari alimgonga kiwiko, akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa miaka mingi, na kwamba kupasua si lazima kurudishe kilichokwenda. Alimwambia apunguze kimoja, makochi au gitaa. Mjomba akaja akanisimulia huku anakunja na kukunjua vidole, kama anavyojaribu bawaba. Makochi hayapunguziki, watu wanakula.

"Bado kinasikia kidogo," aliniambia. "Kikiwahi kufika kwenye uzi, kinatosha."

Ndipo ikaja kazi ya hoteli: viti vya ukumbi wao, vyote vivalishwe upya. Siku ya kupeleka vya kwanza mimi nilikuwepo. Ukumbini bendi ya hoteli ilikuwa inafanya mazoezi, mpiga piano, mpiga besi na mpiga ngoma. Gitaa limeegemezwa ukutani halina mtu. Mjomba alishusha kiti, akasimama, akasahau kutoka. Wimbo ulipokwisha akamwendea mpiga piano, ambaye ndiye kiongozi wao, kijana mwenye miwani.

"Mpigaji wenu yuko wapi?"

"Amehama, mzee. Tunatafuta."

"Mimi napiga."

Kijana akatazama ile suruali yenye gundi. Hakucheka, lazima niseme ukweli. "Jazi?"

"Jazi. Nimeisoma."

"Basi njoo Alhamisi, tukusikilize. Lakini mzee, Alhamisi ndiyo mwisho, wiki ijayo tuna kazi."

Karakanani hapakukalika siku zile. Kinyozi alimnyoa bure hadi masikio yakang'aa. Karani alileta tai yake ya ofisini. Anti alipiga pasi shati, akalitundika, akalipiga tena. "Huyu mke mwenzangu akinipandishia mume jukwaani," alisema, "nitamvulia viatu." Wakarudia somo la kumi na mbili, ndilo mjomba alilolichagua, na kidole kile mara kinatii, mara kinalala. Kikilala, wote watatu wanajifanya hawakusikia.

Alhamisi nilimbebea gitaa mimi, apumzishe mkono. Ukumbini viti vyetu vipya vilikuwa vimekaliwa na watu wawili wanaosoma magazeti. Mjomba akapanda, akakaa, akataja ufunguo wa wimbo na mwendo wake vizuri sana. Mpiga piano akahesabu.

Nitasema bila kumpendelea: vyumba vinne vya kwanza alipiga safi. Sauti ilitoka ya duara, kila noti imekaa mahali pake kama msumari wa mkono wake. Mpiga ngoma akainua nyusi. Halafu mpiga piano akapunguza, akamtazama mjomba, akamwashiria kwa kichwa: haya.

Mjomba akanyamaza. Alikaa wima, kidevu juu, anahesabu.

Mpiga besi akatabasamu, akidhani mzee anajua kuvuta subira. Vyumba vinne vikapita, mjomba akaingia tena kwa wakati wake, barabara. Mpiga ngoma akasema, "Aisee." Ikaja zamu ya pili, piano ikapungua, kichwa kikamwambia haya, na mjomba akanyamaza tena. Safari hii mpiga besi hakutabasamu. Mara ya tatu kijana wa miwani akaondoa mikono kwenye piano.

"Mzee, mbona unaniacha?"

"Sijakuacha. Nahesabu."

"Unahesabu nini? Hapo nakuachia wewe."

"Hapo ni kimya," alisema mjomba. "Kwenye kitabu ni kimya." Akanipungia, nikakitoa kitabu mfukoni mwa gitaa, nikampa kijana. Alikipekua, akageuza mbele, akaona mwanzo haupo. Akanyooshea kidole vyumba vitupu.

"Mzee wangu, hivi vitupu si kimya. Hivi wamekuachia wewe. Hivi vyenye namba ni mfano tu, ni mtu anakuuliza. Hapa patupu ndipo unapomjibu na chako. Kitabu kizima ni kwa ajili ya hapa."

Mmoja wa wale wenye magazeti alikuwa ameshusha lake.

Mjomba aliangalia ukurasa kama anaangalia kochi lililorudishwa na mteja. "Kumbe," alisema.

"Si kitu. Tujaribu. Piga chochote, usiogope kukosea, hapa hakuna kukosea." Akahesabu, wakaenda, vyumba vinne vikapita, piano ikapungua.

Mjomba akapiga somo la tisa.

"Hicho cha kitabu," kijana alisema huku anaendelea kupiga, kwa upole. "Cha kwako."

Ikazunguka tena. Mjomba akapiga noti moja. Ilikuwa nzuri, niliisikia ikikaa hewani. Kidole kikanyanyuka kutafuta ya pili, kikabaki juu ya nyuzi, na vyumba vikapita chini yake, cha pili, cha tatu, cha nne. Hakuingia tena. Aliweka kiganja juu ya nyuzi, akashukuru kila mmoja, hata mpiga ngoma, akashuka. Kijana alimfuata mpaka mlangoni, akamwambia kwamba, kwa mkono ule wenye ganzi, asingeweza kumpa nafasi hata hivyo, asijilaumu. Alikuwa ameuona. Nadhani alitaka kumsaidia.

Njiani nilisema, "Ni kidole, mjomba."

Alikunja vidole, akavikunjua. "Si kidole," alisema. "Kidole kingekuja. Sikuwa na pa kukituma."

Nikahamishia gitaa bega la pili.

Karakanani walikuwa wanangoja, Karani amesimama kabisa. Mjomba akawaambia wanataka mtu mwenye mkono mzima. Kinyozi akatukana hoteli yote kuanzia jikoni. Karani akasema watu wa siku hizi hawajui kusikiliza kimya. Mjomba alivua tai, akaikunja, akamrudishia mwenyewe.

Jioni iliyofuata alijaribu. Walipofika kwenye vyumba vitupu akasema, "Hapa leo, kila mtu apige anachotaka."

"Kwa nini?" Karani akauliza.

"Ndivyo kilivyo. Waliniambia kule."

"Waliokukataa ndio waliokuambia?" Karani alikuwa amefuta mikono kwenye suruali na bado anaifuta. "Tumekifuata hiki kitabu kama tulivyokikuta. Leo uniambie tulikuwa tunakaa bure?"

Mjomba akamtazama. Nilidhani atamwambia yote ya ukumbini. Karani ni mzee kuliko wao wote, na tangu astaafu hakuna mahali pengine anaposubiriwa.

Kinyozi akasema, "Mimi najaribu." Akachokoza, akachokoza tena, kikatoka kitu kama kuku aliyeingia ndani ya sponji. Akacheka mwenyewe, akaacha. "Bora kimya," alisema. "Kimya tunakijua."

"Unaona," Karani akasema.

"Mhm," mjomba akasema, na mdomoni hapakuwa na msumari.

Wakarudia tangu juu, kama zamani. Anti hakuuliza kitu. Aliondoa shati kwenye msumari alipolitundika, akaliingiza kabatini na nguo nyingine.

Kidole cha tatu kimefuata wenzake msimu huu. Makochi tunayavuta wawili sasa: mimi nakaza kitambaa, yeye anapiga. Gitaa lake sasa analishika Kinyozi, maana la Kinyozi mwenyewe lilikuwa na shingo mbovu. Lakini jioni mjomba bado anakaa kwenye kiti chake katikati, kwa sababu wale wawili peke yao wanapotea kwenye vyumba vitupu, wanaingia mmoja mapema mmoja nyuma. Yeye anawahesabia. Anagonga fremu ya kochi kwa mkono wa kulia, taratibu, moja, mbili, tatu, nne, na hakosei hata kidogo. Wao wanamtazama mdomo wakingoja awaambie waingie.