Nilivyolikosea Neno "Juzgar"

Kihispania nilijifunzia jikoni. Nilikuwa mpishi wa masista kutoka Hispania, hapa kwetu Ikungi, na baada ya miaka minne nilielewa karibu kila walichosema mezani. Ndiyo maana asubuhi ile sista daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, aliniita zahanati nimtafsirie.

Kitandani alilala mtoto wa miaka miwili, ameungua miguu kwa uji wa moto. Pembeni alisimama mama yake, binti mdogo tu, pamoja na mama mkwe wake, ambaye tangu wafike alikuwa akirudia kwamba mtoto ameungua kwa uzembe wa mama.

Sista alifunga bandeji ya mwisho, akaniambia, "Juzgo necesario que la madre se quede."

Hilo *juzgo* linatoka kwenye *juzgar*, neno nililolijua kutoka kwenye sala zao: Mungu atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Sikujiuliza mara mbili.

"Sista amemhukumu mama abaki hapa," nikasema.

Mama mkwe alijipiga paja. "Si nilisema! Hata mgeni ameliona kosa lako."

"Watanifunga?" yule binti aliniuliza. Kabla sijajibu alimnyakua mtoto, akatoka mbio, bandeji zikining'inia.

"Umemwambia nini?" sista aliuliza. Nilipomweleza, alishika kichwa. *Juzgar* ni kazi ya hakimu, alisema, lakini pia ni neno la mtu yeyote aliyelitazama jambo akaona linafaa. Yeye alikuwa ameona ni lazima mama abaki, kwa sababu mtoto anamhitaji.

Nilikimbia. Nilimkuta barabarani amepanda bodaboda, injini inaunguruma, mtoto anapiga mayowe. Nilisimama mbele ya gurudumu, nikamsemesha kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani.

"Shuka, mdogo wangu. Hakuna aliyekuhukumu. Sista anataka ubaki umuuguze mwanao."

Alinikazia macho. "Sasa lile neno limetoka wapi?"

"Kwangu. Nimekosea."

Akashuka. Tukarudi zahanati. Ndani nilimweleza mama mkwe kosa langu. Alijifunga kanga yake akaenda zake.

Yule binti na mwanawe walikaa siku kumi na moja, na mtoto alitoka akitembea kwa kushikilia ukuta. Wakati wa kuaga, yule binti alimkumbatia sista. Mimi alinipa mkono, harakaharaka, akatazama pembeni.