Askari wa Kumi na Mbili

Kila nikisikia harufu ya udongo mbichi ukutani, mkono wangu hutafuta mkaa. Nyumba yetu ya mtaa wa Ng'ambo tuliikandika upya kila baada ya mavuno, na ukuta ukishakauka mama alituruhusu sisi wasichana kuuchora: kuku, mwezi, nyoka wa madoadoa. Mwaka ule wa vita ukuta ulikauka na hakuna aliyeugusa. Kaka yangu Mrisho alikuwa askari wa Mwingereza huko Bama, akipigana na Wajapani; barua zake zilikuwa zimekatika, na mama alikula kama mtu anayelipishwa kila tonge.

Siku moja nilitumwa chumvi dukani kwa Mzee Nasoro. Chumvi aliifungia kwenye magazeti ya zamani, na lile la juu lilikuwa na picha: askari weusi wakivuka mto, maji kifuani, bunduki juu ya vichwa. Akachukua jingine.

"Babu, nifungie kwa lile."

"Mjukuu wangu, umekuja kununua chumvi au gazeti?"

"Chumvi. Gazeti ni nyongeza, maana juzi ulinipunja."

Hakuwa amenipunja. Alicheka, akanipa.

Njiani niliwahesabu wale askari: kumi na mmoja. Nikarudia: kumi na mmoja. Mrisho hakuwemo. Hata hivyo nilipofika nyumbani nilimimina chumvi kwenye chungu, gazeti nikalichomeka kiunoni, nikaokota mkaa. Siku zote nilidhani ukuta ni wa kuku na nyoka. Picha ile ilinionyesha kwamba hata kile tulichokiogopa pale nyumbani, bila kukitaja, kinachoreka. Nilipomaliza wa kumi na moja ilibaki nafasi pembeni, na mkono haukutaka kusimama: masikio yaliyochomoza, kovu juu ya jicho. Mrisho, maji kifuani.

Jirani yetu Mama Zaina ndiye aliyeona kwanza. "Mama Mrisho! Toka umwone mwanao, yu hai!" Na vigelegele juu.

Mama alitoka na unga mikononi. Alimtambua papo hapo.

"Umemtoa wapi?"

"Gazetini, mama."

"Lilete."

Ningeweza kusema limeungua. Uongo nilikuwa nao tayari, tena wa aina mbili. Lakini mkono alioninyooshea ulikuwa bado na unga, hakungoja hata kuunawa, nami nikalitoa.

Alihesabu kwa kidole, akiacha alama ya unga kwenye kila kichwa. Akarudia. Akainua macho ukutani. Nilikaza shavu kungoja kofi.

"Kovu lake ni jicho la kushoto," mama akasema. "Rekebisha."

Mrisho hakurudi. Kila mwaka tulikandika nyumba nzima, ila ukuta ule mama aliuruka, na ilinichukua miaka kutambua kwamba picha nyingine ya mwanawe hakuwa nayo.

Jingine nililielewa nikiwa mtu mzima, kamera yangu mwenyewe shingoni. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, kuna mmoja nilimruka mara zote mbili: aliyepiga ile picha. Alikuwa majini mbele yao, akirudi kinyumenyume, asijue anakanyaga nini. Kumbe kweli walikuwa kumi na wawili. Hakuwa Mrisho, lakini naye kuna mama aliyekuwa akingoja barua.