Majina Kando ya Kidimbwi

Usiniambie habari ya wadau. Neno hilo nikilisikia natamani kurusha sufuria. Mimi nauza chai na nduma langoni mwa msitu wetu, huku juu ya Kiirua, na rafiki yangu Kiende, mama yake Kinoti, ndiye aliyekuwa akiwaongoza wageni mpaka kwenye kidimbwi kilicho ndani yake.

Msitu huo una mwiko: humo ndani mtu haitwi kwa jina. Ukimtaka mwenzako, unapiga makofi. Wageni waliupenda mwiko huo, wakawa wanaleta na wenzao.

Halafu kaunti ikaja na mpango mpya wa utalii, uliopangwa na hao waitwao wadau hotelini huko Embu. Sisi wa hapa hatukuitwa. Ati ili tushindane na maeneo mengine, kila anayeingia aitwe kwa jina kando ya maji, kwa usalama. Kiende alihangaika kwenye ofisi zao akiomba kitu kimoja tu: aketi nao, naye aseme. Kila mara wakamwambia njoo kesho.

Siku ya uzinduzi afisa wao, Beverlyne, alisimama kidimbwini jua likiwaka, akaanza kuita. "Mutwiri!"

"Nipo!"

"Gatakaa!"

"Nipo!"

Kila jina likitajwa, ndege wa upande mmoja walinyamaza. Mwishowe hapakusikika hata nzi.

"Kiende!"

Kiende alifumba mdomo. Nilikuwa nimemshika mkono, nilimwona kwa macho yangu. Lakini kule mitini sauti yake ikaitika, tena kwa furaha: "Nipo! Karibuni!"

Beverlyne akatabasamu, akaendelea kuita.

Tangu hapo Kiende hajatamka neno. Daktari hakuona ugonjwa. Na huko msituni wageni wanasikia mwanamke akiwakaribisha, akiwaonyesha njia, wala hawamwoni. Wanafurika, jamani! Ofisi inajisifu kwamba tumewapiku wote. Chai yangu inauzika, lakini haki ya Mungu naogopa, na hasira ninayo.

Juzi hatimaye walimwita mkutanoni. Nilimpeleka mwenyewe. Walimpa kiti cha mbele na maji ya chupa.

"Mama Kinoti," mwenyekiti akasema kwa upole, "tulikosea kutokuuliza. Leo tunataka kukusikia wewe kwanza."

Kiende akasimama, akafungua mdomo, na ukumbi mzima ukasubiri sauti iliyokuwa kule msituni ikikaribisha wageni.